Jazi Mseto

Kumweleza Flora Purim kwa Kiswahili ni rahisi mpaka ufike kwenye aina ya muziki wake. Mbrazili, mwimbaji, mzaliwa wa Rio de Janeiro mwaka 1942: hapo hakuna shida. Kisha unasema "jazi fyusheni", na msikilizaji aliyeketi barazani Kamachumu, mkoani Kagera, anabaki na sauti tupu masikioni. Naamini lugha yetu inalo neno linalofaa, nalo ni mseto. Ila linahitaji kutetewa, kwa kuwa lina wapinzani wawili.

Kwanza tumsikilize Flora mwenyewe. Baba yake alipiga fidla na mama yake piano, wote katika muziki wa kiklasiki. Baba akitoka, mama aliweka santuri za jazi. Flora alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1964, mwaka uleule wanajeshi walipotwaa madaraka Brazili, na 1967 akahamia Marekani, kama alivyofanya Airto Moreira, bingwa wa ngoma na manyanga aliyekuja kuwa mumewe. Huko aliimba na wanamuziki wa jazi Stan Getz na Gil Evans. Mwaka 1972 akawa katika bendi ya Return to Forever ya mpiga kinanda Chick Corea, pamoja na Airto, Stanley Clarke kwenye besi, na Joe Farrell kwenye saksafoni na filimbi. Sikiliza Light as a Feather, albamu yao ya pili. Midundo ya Brazili inatembea chini, kinanda cha umeme kinameta juu yake, wapigaji wanabuni papo kwa papo kama ilivyo desturi ya jazi. Sauti ya Flora mara inaimba maneno, mara inayaacha kabisa, ikapanda, ikateleza, ikalia kama ala mojawapo. Mwaka 1973 alitoa Butterfly Dreams kwa jina lake mwenyewe, na njia ikawa imefunguka. Nusu karne baadaye, 2022, alikuwa bado anatoa albamu.

Kinachonivutia katika muziki huo ni kwamba sikio linaweza kumfuata kila mmoja. Samba haikupotea ndani ya jazi, wala jazi haikugeuzwa kuwa samba. Istilahi yoyote isiyobeba jambo hilo haitufai.

Mpinzani wa kwanza ni mchanganyiko. Ni neno zuri lakini pana mno: mchanga na saruji ni mchanganyiko, umati wa sokoni pia. Wa pili ni myeyungano, neno la fizikia, na wako wanaolipenda kwa sababu lina sura ya kitaalamu. Lakini fizikia ndiyo inayolikataa hapa. Viini vya haidrojeni vikiyeyungana ndani ya jua hutokea heli, na haidrojeni ile haipo tena. Flora hakuyeyuka hivyo.

Mseto nao una doa, nisilifiche. Asili yake ni kitenzi seta, yaani kuponda, na chakula kinachoitwa mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa pamoja vikalainika. Hata hivyo matumizi yamekwisha kulivusha neno hili. Katika serikali ya mseto kila chama hubaki na jina lake na bendera yake. Katika kilimo mseto, ambacho Kamachumu hakihitaji kufafanuliwa na mtaalamu yeyote, mgomba hubaki mgomba. Ingia kwenye kibanja chochote cha uwanda ule wa Muleba: migomba inaitilia kivuli mibuni, maharage yako katikati, miti ya msambya imesimama juu, na chini kuna samadi pamoja na nyasi zilizokatwa rweya, yaani kwenye nyika ya wazi. Kila mmea unajulikana kwa jani lake, lakini ukifyeka migomba, mibuni itakuonyesha kwamba ilikuwa ikitegemea kitu. Airto na Flora ni hivyohivyo: mwondoe mmoja, na mwingine hasikiki kama alivyokuwa.

Jazi yenyewe inataka angalizo. Kwetu neno hili lilifika zamani na likashika maana yake: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zote zilipiga muziki wa dansi wenye damu ya rumba ya Kuba. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili akiandika jazi mseto aongeze japo sentensi moja: ni jazi ya Marekani iliyopandwa pamoja na muziki mwingine.

Mkoa wa Kagera unao mfano wake, ingawa si wa jazi. Saida Karoli, binti wa Bukoba, alipoimba Maria Salome mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliichukua ngoma na uimbaji wa Kihaya akaviingiza studio bila kuvipotezea asili yake, na watu wasiojua neno la Kihaya wakaimba naye nchi nzima. Huo nauita muziki mseto bila kusita. Wimbo wa Salome wa Diamond Platnumz na Rayvanny, wa mwaka 2016, nauweka kando kidogo: umejengwa juu ya kazi ya Saida, lakini ni bongo fleva iliyoazima kiitikio, na jina linaloufaa ni toleo jipya.