Wanande wa huku, Wakonzo wa ng'ambo

Ukitoka Butembo, ukapita Beni na kushuka mpaka Kasindi, utafika kwenye mto mdogo ambao Waganda huuita Lhubiriha na ramani za Kongo huuandika Lubilia. Ng'ambo yake ni Mpondwe. Mama anayeuza bidhaa zake upande huu ni Mnande, na anayemuuzia ng'ambo ni Mkonzo. Wakishapatana bei, wote wawili hushukuru kwa neno moja, wasingya, na jioni kila mmoja husonga obundu nyumbani kwake. Hata hivyo, mtaalamu wa lugha Malcolm Guthrie alipoziorodhesha lugha za Kibantu mwaka 1948, alizipa lugha zao namba mbili: Kikonzo D.41 na Kinande D.42.

Wazee wa pande zote mbili husema kwamba wao ni Wayira. Masimulizi mengi yanawatoa upande wa ufalme wa Kitara, mashariki, wakavuka bonde la Semuliki na kutawanyika kwenye milima ya Mitumba. Wanahistoria wamebishana sana juu ya safari hiyo. Jambo lisilobishaniwa ni chumvi. Ilichimbwa Katwe, karibu na ziwa Edward, ikavushwa kwa mitumbwi na kupandishwa milimani ili ibadilishwe kwa vyakula. Wabebaji wa chumvi hawakuwa na mpaka wa kuuvuka, kwa sababu haukuwepo.

Mwaka 1889 Henry Morton Stanley alipita chini ya Rwenzori akiwa na Emin Pasha, na wakazi wa mlima akawaandika Wakonju. Waingereza walilichukua jina hilo. Upande wa magharibi, Wabelgiji walizoea jina Wanande, na wamisionari wakaendelea nalo: padri Bergmans wa shirika la Waasumpsionisti, aliyeandika kwa kirefu juu ya mila zao mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliviita vitabu vyake hivyo hivyo.

Mpaka wenyewe ulizaliwa kwa makosa ya vipimo. Mwaka 1894 Uingereza na mfalme Leopold walikubaliana kwamba nchi zao zitenganishwe na mstari wa nyuzi 30 mashariki. Wapimaji walipofika uwanjani miaka ya 1907 na 1908, waligundua kwamba mstari huo unapita mashariki ya Rwenzori, kwa hiyo mlima mzima ungekuwa wa Kongo. Waingereza hawakulikubali hilo. Mkataba wa Brussels wa Mei 1910 ukaugawa mlima katikati, mpaka ukapitishwa kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, kisha ukafuata mto Lamia na Semuliki mpaka ziwa Albert. Wenye mlima hawakuulizwa na mtu.

Tangu hapo majina hayo mawili yalianza kubeba maana mbili tofauti. Huku kwetu, Wabelgiji waliwagawa Wanande katika shefari, yaani maeneo ya machifu: Bashu, Baswaga, Bamate, Batangi, Watalinga. Utawala wa Wabelgiji ulikuwa mzigo mzito, lakini mwami, yaani chifu, aliyekuwa mbele ya watu alikuwa wa kwao. Ng'ambo, mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na ufalme wa Toro uliwaweka Wakonzo chini ya mfalme Kasagama, ambaye hawakumhesabu kuwa wa kwao. Mwaka 1919 waliasi, na mwaka 1921 viongozi wao watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walinyongwa. Kuitwa Mkonzo kukawa ni kuwa mtu anayemkataa Mtoro. Kwa Mnande wa Butembo jambo hilo halikumhusu. Jina lake lilivuma kwa biashara, kwa kahawa na mboga, na kwa malori yanayokwenda Kisangani.

Uganda ilipokaribia uhuru, Isaya Mukirane na wenzake walitoka katika baraza la Toro, na tarehe 30 Juni 1962 wakatangaza dola yao. Hawakuiita ya Wakonzo wala ya Wayira. Waliipa jina la mlima: Rwenzururu. Nadhani walifanya busara, maana kwenye miteremko ya mlima ule wamo pia Waamba, na jina la kabila moja lingewafungia mlango. Mukirane alifariki mwaka 1966, akarithiwa na mwanawe Charles Wesley Mumbere, ambaye alikuwa bado mvulana. Mumbere aliteremka mlimani mwaka 1982, kisha akaenda Marekani, ambako kwa miaka mingi aliwauguza wazee huko Pennsylvania kama mfanyakazi wa kawaida. Mwaka 2009 Rais Museveni aliutambua rasmi ufalme wake.

Shida ilirudi kwa njia ya jina la tatu. Serikali ya Uganda ilisema kwamba kuna watu wanaotaka kuunda Jamhuri ya Yiira, yaani Kasese, iliyo upande wa Uganda, iunganishwe na Beni na Butembo. Mumbere alikana. Tarehe 27 Novemba 2016 jeshi lilivamia kasri lake mjini Kasese. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika siku mbili za mapigano, naye akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Mashtaka yalifutwa Juni 2023, na Oktoba mwaka huo akarudi Kasese.

Huku upande wetu, jina lile lile hutamkwa mchana kweupe. Chama cha jamii kinaitwa Kyaghanda Yira, na kyaghanda si kingine ila baraza ambapo wazee huketi kusuluhisha mambo. Butembo hakuna anayeshtuka akisikia neno Yira. Lakini mfanyabiashara wa Butembo akivuka daraja la Kasindi kwenda kununua bidhaa Uganda, hujiita Mnande, na shughuli zake huendelea bila kuulizwa.