Kisima cha Ubatizo, Kutoka Bagamoyo Hadi Vigwaza

Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni Bagamoyo. Kanisa lao la mawe lilijengwa mwaka 1872. Lile kubwa linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Waliobatizwa miaka ya mwanzo wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Kila mmoja alipewa jina la mtakatifu, likaandikwa daftarini, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza kuwatambua kama watu badala ya bidhaa.

Ng'ambo, Unguja, Waanglikana nao walikuwa na wabatizwa wao. Susi, mmoja wa waliobeba mwili wa mmisionari mpelelezi David Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874, alibatizwa akiwa mtu mzima mwaka 1886 akaitwa Daudi.

Umri wa anayebatizwa ndio uliokiumba kisima cha ubatizo. Huko Dura Europos, Syria, kwenye nyumba ya ibada ya karne ya 3, wamechimbua birika lililojengwa sakafuni, lenye paa dogo juu yake kama kitanda cha chandarua: mtu mzima aliweza kuingia ndani. Nyumba ya ubatizo ya Laterani, Roma, ilijengwa kwa pembe nane, kwa kuwa siku ya nane ni siku ya ufufuko, mwanzo wa juma jipya. Baadaye, watoto wachanga walipokuwa wengi, birika liliinuliwa juu ya nguzo hadi kiunoni ili padre asiiname na mtoto mkononi.

Likawekewa na kifuniko. Mwaka 1236 askofu mkuu Edmund wa Canterbury aliagiza visima vya Uingereza vifungwe kwa kufuli, maji yasiibwe kwenda kutumika kwenye uchawi. Pwani hii, ambako maji ya kombe, yaliyooshea maandishi ya Kurani, yana wanywaji wake, agizo hilo halihitaji maelezo marefu.

Ukichungulia kisima kilichotengenezwa vizuri utaona kitundu kidogo chini ya bakuli. Maji yaliyobarikiwa hayamwagwi kwenye mfereji wa maji machafu. Yanashuka moja kwa moja ardhini. Padre huchota kwa gamba la kombe au kwa jagi dogo, humiminia kichwani mara tatu, mama akisubiri na kanga ya kufutia; baadaye msimamizi hushika mshumaa uliowashwa kwenye mshumaa wa Pasaka.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uligeuza mambo. Utaratibu mpya wa ubatizo wa watu wazima ulitoka mwaka 1972, na kuzamishwa kukarudishiwa heshima yake. Visima vya zamani vilikaa karibu na mlango, kwa maana ubatizo ni kuingia. Vya sasa mara nyingi husogezwa karibu na altare, waumini wote waone. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mlangoni palikuwa na mantiki zaidi, ingawa waliokaa nyuma walikuwa na raha ya kuona peke yao.

Sheria ya Kanisa inataka kila kanisa la parokia liwe na kisima cha ubatizo. Kwa hiyo kisima ni pia alama ya cheo. Kwenye vigango, kwa mfano vya barabara ya Morogoro, ambako malori husimama kwenye mizani ya Vigwaza, beseni na jagi juu ya meza yenye kitambaa safi hutosha. Kigango kikipandishwa kuwa parokia, ndipo fundi huitwa kujenga nguzo ya saruji au kuweka marumaru, na daftari jipya hufunguliwa.

Eneo hili lilipata jimbo lake mwaka 2025, Papa Fransisko alipounda Jimbo la Bagamoyo. Lakini daftari la ubatizo ndilo linalobaki na kazi kubwa: kijana wa Vigwaza akitaka kufunga ndoa kanisani, lazima aandikie parokia alikobatizwa, iwe Moshi au Songea, apate cheti kipya, na ndoa ikishafungwa, habari zake hurudishwa zikaandikwe kando ya jina lake.