Kwa nini tarakilishi hukubaliwa au kukataliwa hospitalini

MJI wa Nanyuki umo katika Kaunti ya Laikipia, lakini hospitali yake kuu ya umma hupokea pia wagonjwa kutoka Kieni iliyo Nyeri, Timau iliyo Meru na hata Isiolo. Mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetibiwa Nanyuki mwezi huu na Nyeri mwezi ujao huhitaji historia ya ugonjwa wake imfuate. Kwa miaka mingi historia hiyo imebebwa katika daftari la shule lililonunuliwa dukani, ambalo hulowa mvua, husahaulika nyumbani, au huchanika ukurasa ule ule ulioandikwa kiasi cha dawa.

Rekodi za matibabu za kielektroniki zinakusudiwa kuondoa udhaifu huo. Ni mfumo wa tarakilishi unaohifadhi maelezo ya mgonjwa, maradhi yake, matokeo ya maabara na dawa alizopewa, ili kila mhudumu aliyeruhusiwa ayasome pale alipo. Hata hivyo, tajriba ya zaidi ya miaka 20 nchini Kenya yaonyesha kuwa kununua mitambo ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuwafanya wauguzi, maafisa wa kliniki na makarani wa rekodi waitumie kila siku.

MOSORIOT, 2001

Mojawapo ya mifano ya awali ilianza 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Vifaa vilikuwa vichache: tarakilishi mbili zilizounganishwa, pamoja na betri za nguvu za jua za kutumiwa umeme unapokatika. Matabibu hawakulazimishwa kuchapa. Mgonjwa alipewa fomu ya karatasi aliyotembea nayo kutoka chumba hadi chumba, na makarani wakaingiza maelezo alipokuwa akiondoka.

Utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni hapo ulipungua kwa asilimia 22, nao wahudumu wakabaki na nafasi zaidi ya shughuli zao wenyewe.

Tajriba hiyo ilichangia kuasisiwa kwa programu ya OpenMRS mnamo 2004. Programu hiyo isiyolipiwa ilienea hadi Rwanda na Uganda, na ndiyo msingi wa KenyaEMR, iliyoanza 2012 na kutumiwa hasa katika kliniki za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

SABABU ZA KUSITA

Kikwazo kikubwa ni kuandika mara mbili. Pale tarakilishi zinapoletwa bila rejista za Wizara ya Afya kuondolewa, mwuguzi wa kliniki ya wajawazito hujaza rejista ya MOH 405, kisha kijitabu cha mama na mtoto, halafu huketi kuingiza maelezo yale yale katika mtambo. Foleni ikirefuka, mtambo ndio huachwa kwanza.

Umeme nao huvunja imani. Mnamo Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchini kote kwa saa nyingi. Mhudumu aliyeachwa na skrini tupu mbele ya mgonjwa mahututi hurejea kwenye karatasi, na ni vigumu kumlaumu.

Aidha, mara nyingi mafunzo hupewa wachache kwa siku chache, kisha waliofunzwa huhamishwa. Isitoshe, mfumo huonyesha nani aliandika nini na saa ngapi. Kwa mfamasia mwaminifu hiyo ni kinga dawa zinapopotea. Kwa mwingine ni jicho la mkubwa wake.

KINACHOWASHAWISHI

Wahudumu huukubali mfumo unaowarudishia kitu. Utafiti wa 2011 kutoka Eldoret ulihusu wagonjwa ambao muda wa kupimwa kinga ya mwili ulikuwa umepita. Katika kliniki ambayo tarakilishi ilitoa muhtasari wenye kikumbusho, vipimo viliagizwa kwa asilimia 53 ya wagonjwa hao, ikilinganishwa na asilimia 38 katika kliniki isiyokuwa na vikumbusho. Hapo tarakilishi ilikuwa ikimsaidia tabibu kazini, si kukusanya takwimu za Nairobi tu.

MIPAKA NA SHERIA

Desemba 2018, serikali ilizindua majaribio ya afya kwa wote Kisumu, Machakos, Nyeri na Isiolo. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa magonjwa yasiyoambukiza. Laikipia, inayopakana na Nyeri na Isiolo, haikuwamo, ingawa wagonjwa huvuka mipaka hiyo kila siku.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ilikusudia mfumo mmoja wa taifa wenye kuunganisha vituo vyote. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti. Kwa hivyo mazoea ya wahudumu kugawana nywila ili kuharakisha foleni si jambo dogo: humwanika mgonjwa, na humtwika mhudumu mmoja makosa ya mwingine.

Kwa msimamizi wa hospitali, swali la kwanza si tarakilishi ngapi zimenunuliwa, bali ni rejista ipi itafungwa siku zitakapowashwa, na nani atakuwapo kumsaidia mwuguzi wa zamu ya usiku zikikwama. Naye mgonjwa wa Kieni au Timau asilitupe daftari lake hadi atakapohakikishiwa kuwa kituo cha pili anachokwenda kinaweza kusoma kilichoandikwa katika cha kwanza.