Upande wa Pili wa Santuri

Programu iliyo kwenye simu yangu hupima kila wimbo na kuupa namba moja: mapigo kwa dakika. Ukiifuata, kupanga muziki wa harusi ni hesabu tu. Unaanza na namba ndogo wageni wakiingia, unapanda taratibu, na ikifika saa sita usiku uko kwenye singeli inayovuka 200. Ujiji, ambako ndugu wakioa mimi ndiye ninayekabidhiwa spika na nyaya, hesabu hiyo inavurugika mara tu mzee mmoja anapoomba rumba ya Zaire ya miaka ya 1970.

Rumba ile haina namba moja. Inaanza na maneno: waimbaji wawili au watatu wanapokezana, magitaa yanatembea chini yao bila haraka, watu wanacheza wameshikana. Halafu ngoma inabadilika, maneno yanapungua, gitaa la solo linashika usukani. Hiyo ndiyo sebene. Bendi zetu za dansi zilikuwa na sehemu kama hiyo na ziliiita chemko, jina ambalo aliyewahi kukaa karibu na chungu hahitaji kuelezwa.

Muziki huo haukufika kwetu kama kitu cha ugenini. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira, watu wanazungumza Kiswahili. Orchestra Maquis iliingia Tanzania kutoka Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970. Remmy Ongala, aliyekuja mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alizaliwa Kindu, katika nchi ya Manyema, na huko Manyema ndiko walikotoka mababu wa watu wengi wa Ujiji, waliovuka ziwa katika karne ya 19 na misafara ya pembe za ndovu, wengine kama wapagazi, wengine kama mateka. Kwa hiyo mzee wa Ujiji anayeomba rumba haombi muziki wa watu wengine.

Ila kilichoufanya muundo ule uonekane kwa macho ni santuri ndogo, zile zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi, na rumba ndefu haikutosha. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili: mara nyingi upande wa kwanza ulichukua maneno, wa pili ukachukua sebene. Aliyesimama kwenye gramafoni alilazimika kuigeuza. Pale katikati, santuri ikigeuzwa, walioshikana waliweza kuachana na kwenda kukaa, na vijana wakaingia. Hakuna aliyehitaji kusubiri saa nzima ndipo zamu yake ifike. Bendi ilikuwa imeshapanga sherehe nzima ndani ya wimbo mmoja, na mwenye santuri hakuwa na kazi ila kugeuza.

Ujiji walishaujua mwendo huo kabla ya gitaa. Dhikri ya Kadiria huanza polepole na kupanda, mzee na kijana wakiwa katika duara moja. Sisemi kwamba dhikri ilizaa rumba wala rumba dhikri. Nasema tu kwamba sikio lilikuwa limeandaliwa.

Aliyebadilisha mambo alikuwa Kanda Bongo Man. Alihamia Paris mwaka 1979, na kuanzia albamu yake ya kwanza, Iyole, ya mwaka 1981, alipunguza ule mwanzo wa taratibu na kuleta gitaa mapema. Nampenda sana, gitaa lake likilia siwezi kukaa. Lakini baada ya hapo sebene ilijitegemea. Mwenye kanda ya dakika 60 aliweza kujaza upande mzima, dakika 30, bila sehemu moja ya polepole. Nyimbo za taratibu nazo zikakusanywa na kusukumwa mwanzoni mwa shughuli, wakati viti bado vitupu. Mwendo wa muziki ukawa ratiba ya umri. Ndiyo maana saa tatu usiku bibi zetu wanakuwa wameshika mikoba, wanauliza usafiri.

Madijei wengi, hata wanapopiga rumba, wanaruka moja kwa moja hadi kwenye sebene. Mimi naiacha iende tangu mwanzo, na naiweka wakati wa zawadi. Mshereheshaji hunikonyeza nifupishe, najifanya sijaona. Shangazi na mama wadogo wanajipanga mlangoni, vitenge begani, sufuria kichwani, wanakuja kwa hatua fupi huku waimbaji wakipokezana maneno, na ukumbi ule ni mrefu. Kwa kawaida wanafika mbele ya maharusi gitaa la solo likiingia. Sufuria zinashushwa chini, vijana wanajaa pembeni yao, na hapo hakuna anayeuliza usafiri.