Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto

Bonde la Mkondoa, ulipo mji wa Kilosa, lilikuwa njia kuu ya misafara ya karne ya 19. Waliotoka Bagamoyo walivuka mbuga ya Makata, ambayo masika huigeuza matope matupu, wakaufuata mto kuikwea milima ya Usagara, wakatokea Mpwapwa kuelekea Ugogo na Unyamwezi. Safari nzima ilikwenda kwa kibaba. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, na vibaba vinne ni pishi. Kukijaza kuna namna mbili. Kibaba cha tele hurundikwa mpaka nafaka isimame kichuguu na punje za juu zianze kuporomoka. Kibaba cha mfuto hupitishwa kijiti mdomoni, kilichozidi kikarudi kapuni. Chombo ni kimoja, na mikono miwili yaweza kukijaza kwa haki, ila mmoja huacha kichuguu na mwingine hukifuta. Nadai kwamba ukarimu uliotia mizizi ya Uislamu Kilosa ulikuwa wa kichuguu hicho: vitu vidogo, mikononi mwa watu wasio na kikubwa. Tumekosea kuutafuta kwenye karamu za matajiri.

Kosa hilo tumelirithi kwa sehemu kutoka kwa msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Usagara mwaka 1857 pamoja na John Speke. Walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea na kuwasaidia kwa moyo mmoja. Burton aliusifu mno ukarimu wa Waarabu, na papo hapo akawashutumu Waafrika kwa uchoyo. Hukumu hii ikageuka kuwa simulizi: kwamba ukarimu ulipanda kutoka pwani pamoja na dini, ukawakuta watu wasioujua. Siikubali hata kidogo. Mkulima wa Usagara alikuwa na ghala moja la kumvusha mpaka mavuno, na jioni moja aliteremkiwa na msafara wenye vinywa vingi kuliko kijiji chake. Alipopima kwa mfuto, au alipokataa kabisa kuuza, alikuwa akiwalinda watoto wake. Qurani yenyewe, katika sura ya 17, inamkataza mtu kuufunga mkono wake shingoni, kisha inamkataza kuukunjua wote hadi abaki akijilaumu. Lugha nayo inashuhudia. Bahili tumelipata kwa Waarabu, lakini choyo ni neno letu la Kibantu, na watu hawatungi jina la aibu kwa tabia wasiyoionea aibu. Vilevile kulikuwa na utani wa njiani, uliowafanya wageni wa makabila mbalimbali wadaiane chakula, msaada na hata maziko. Mtani akifia safarini, mtani wake hana budi kumzika.

Kama ukarimu ulikuwepo, Uislamu uliongeza nini? Uliongeza mtu wa kupewa asiye ndugu, asiye mtani, asiyeweza kulipa, na ukaita anachopewa haki yake. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja makundi manane ya wanaostahili zaka, na mmojawapo ni msafiri aliyekwama. Fiqhi inamhesabu hata kama kwao ni tajiri, maadamu amekwama mbali na mali yake. Katika bonde la misafara huyo hakuwa mfano wa kitabuni. Alikuwa mlangoni kila msimu. Tazama na vipimo. Zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila mtu, sawa na sa'a ya Mtume iliyokuwa na mudi nne, kama pishi ilivyo na vibaba vinne. Basi chombo kilekile kilichompimia mpagazi posho kilimpimia fukara fungu lake la Idi, kwa tofauti kwamba posho ina bwana wa kuidai kazi kesho yake. Sura Al-Maun inashuka chini zaidi. Inawaonya wanaosali kwa kujionyesha huku wakinyima msaada mdogo, ambao wafasiri wengi wameueleza kuwa vyombo na mahitaji ya jirani: chungu, shoka, ndoo, chumvi, moto. Kwa kipimo hiki mwenye kumchinjia mgeni ng'ombe anaweza kuwa bahili, ikiwa jirani amerudi kwake mikono mitupu akiomba kaa la moto.

Pingamizi zito ni la utumwa. Njia hii hii ilipitisha watu wenye minyororo, na miongoni mwa waliowapitisha walikuwamo waliofuturisha wageni Ramadhani. Sitafuti udhuru. Aya ile ile inayomtaja msafiri inataja pia kuwakomboa walio utumwani, na aliyemlisha msafiri huku akiwaswaga waliofungwa aliisoma aya nusu. Hapa ndipo karamu inapotudanganya: inaonekana kwa mbali, na wenye kuandika vitabu walikaribishwa ndani yake. Tena si kila kilichotolewa bondeni kilikuwa ukarimu. Hongo ilikuwa malipo ya njia waliyotozwa misafara, hasa Ugogo. Leo neno hilo linamaanisha rushwa. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka Usagara akigawa zawadi na kukusanya alama za machifu kwenye mikataba, na Februari 1885 hati ya Kaiser ikalibariki dai lake juu ya nchi hiyo. Zawadi ile ilirudi ikiwa mnyororo mwingine.

Reli ya Kati ilifika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora 1912. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakavuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka pande nyingi, na posho ikaendelea, safari hii ikipimwa na karani. Kwa mtu aliye mbali na ukoo wake, maulidi na khitma zilikuwa miongoni mwa nafasi chache za kula bila kukatwa chochote. Wapo wanaosema shughuli hizi ziligeuka mashindano ya heshima na kuwaacha wafiwa na madeni. Wana haki, na Qurani imewatangulia: sadaka huharibiwa na masimango na kujionyesha. Lakini lawama hiyo inaliangukia sufuria kubwa la mwenye jina. Haimgusi aliyeleta kuni, wala aliyeazima jamvi. Baadaye barabara kuu ya kwenda Zambia iliifanya Mikumi kituo kipya cha wapita njia. Dereva aliyeharibikiwa na gari usiku kandokando ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, pesa zake zote zikiwa nyumbani, ndiye yule yule wa aya ya 60.

Lakini kugawana hakukuwa rahisi daima. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Iko hadithi, katika Bukhari na Muslim, inayokataza kuzuia maji yaliyozidi kwa nia ya kuzuia malisho. Utasema haifai hapa, maana mkulima aliyeliwa mahindi anadai haki yake, na sadaka haiwezi kukaa mahali pa haki. Ni kweli, na hakuna anayestahili kuambiwa akarimu kwa shamba lililokwisha kukanyagwa. Hata hivyo hadithi inasema yaliyozidi, na kiangazi kikikaza kila upande huliona fungu lake kuwa ni la mfuto na la mwenzake kuwa ni la tele. Kibaba angalau kilipimwa mbele ya wote wawili, muuzaji akishika kijiti na mnunuzi akikikodolea macho.