Kutoka Kivuko hadi Daraja: Kiwangwa kati ya Ruvu na Wami

Kiwangwa iko kati ya mito miwili mikubwa: Ruvu upande wa kusini na Wami upande wa kaskazini. Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Wami huteremka kutoka bara na kuifikia Bahari ya Hindi katika eneo la Saadani. Historia ya wakazi wa hapa, kwa hiyo, ni historia ya kuvuka.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikutana kwanza na Ruvu, ambao huku chini uliitwa Kingani. Watu na mizigo walivushwa kwa mitumbwi. Msafara wa Henry Morton Stanley ulivuka hivyo mwaka 1871. Masika yalipofurisha mto, mpagazi hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Reli hiyo iliuvuka Ruvu mbali na njia ya misafara. Biashara ikafuata daraja, na Bagamoyo ikafifia. Hapo wazee walijifunza kwamba daraja linalojengwa kwingine laweza kuuacha mji ukiwa mpweke.

Upande wa Wami, daraja la mwaka 1959 katika barabara ya Chalinze hadi Segera lilikuwa jembamba, lenye njia moja tu, chini ya miteremko mikali na kona. Magari yalipishana kwa zamu, na ajali za mahali hapo ziliacha familia nyingi katika majonzi. Daraja jipya, lenye njia mbili, lilianza kupitisha magari mwaka 2022.

Kiwangwa yenyewe ilifunguliwa na barabara ya lami ya Makofia hadi Msata, yenye kilometa 64, inayouvuka Ruvu kwa daraja. Mananasi, yaliyoipatia Kiwangwa sifa, hayastahimili kungoja. Mkulima ambaye njia yake imekatika huyaona yakioza shambani.

Waliovushwa kwa mitumbwi hawakuyaona madaraja haya. Waliorithi wanao wajibu wa kuyatunza, kwa kuwa uimara wa daraja haupimwi wakati wa kiangazi, bali siku mto unapofurika.