Mchanganyiko wa Shamba, Mchanganyiko wa Ghala

Zipo njia mbili za kuboresha mazao ya jamii ya mikunde ambazo watu huziita ya kienyeji na ya kisasa. Majina hayo yanaficha tofauti yenyewe, kwani njia zote mbili hutegemea wingi wa mbegu. Zinapoachana ni pale penye swali la nani anaushika wingi huo, na anachagua lini.

Wanawake wa Rwanda walipanda maharage ya mchanganyiko: mekundu, meusi, ya madoadoa, yanayowahi na yanayochelewa. Kulikuwa na mchanganyiko wa chini ya migomba na mwingine wa udongo uliochoka. Mvua ikikatika mapema, yanayowahi yaliokoa chakula cha nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Louise Sperling na wenzake waliwaita mabingwa wa maharage kutoka miongoni mwao wafike kwenye vituo vya utafiti, wakati aina za majaribio zilikuwa bado nyingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kuwa, mashambani mwao, machaguo yao yaliushinda mchanganyiko wa kawaida mara nyingi zaidi kuliko yale ya watafiti.

Dengu zilipita njia nyingine. Nchini India na Ethiopia hupandwa mvua zikielekea kuisha, zikaishi kwa unyevu uliobaki ardhini, hivyo ukame huzikuta zikijaza maganda. Aina iitwayo ICC 4958 ina mizizi mingi inayofika chini, lakini nani atang'oa maelfu ya mimea apime mizizi? Jenomu ya dengu ilichapishwa mwaka 2013, na watafiti wakaonyesha kwa usahihi zaidi kipande cha kromosomu ya 4 kinachohusika na ustahimilivu wa ukame. Sasa wanachukua jani la mche, wanasoma alama za vinasaba, na kubakiza miche iliyorithi kipande hicho. Kwa njia hiyo, mwaka 2019 Ethiopia ilipata aina ya Geletu na India ikapata Pusa Chickpea 10216.

Hapo maabara inamzidi mkulima, kwani mzizi hauonekani kwa macho. Lakini jani hilo halisemi dengu gani inafaa shamba la mteremkoni, wala familia ipande aina ngapi ili isilale njaa. Tena maabara yenyewe inakula akiba ya wakulima: jenomu 3,366 za dengu zilizochapishwa mwaka 2021 zilisomwa hasa kutoka mbegu za kienyeji zilizokusanywa na kuhifadhiwa kwenye benki za mbegu. Mchanganyiko umehama kutoka shamba kwenda ghala, na ghala hilo hurudisha mbegu moja iliyosafishwa.

Mkulima anayeitwa mwishoni huonyeshwa aina mbili tatu, akubali au akatae. Alama za vinasaba zimefupisha mchujo kwa miaka. Sehemu ya muda huo itumike kumwita kabla mchujo haujaanza, kisha apewe aina kadhaa zinazostahimili ukame, achanganye mwenyewe.